Hifadhi na Uhifadhi: Tatizo la Istilahi katika Utekelezaji wa Mkataba wa Bioanuwai Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai ulifunguliwa kutiwa saini mjini Rio de Janeiro mwezi Juni 1992, ukaanza kutumika tarehe 29 Desemba 1993. Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Aghalabu vikwazo vya utekelezaji wake huelezwa kuwa ni uhaba wa fedha na wataalamu. Makala hii inakusudia kuonyesha kikwazo kingine, nacho ni lugha.

2.0 Safari ya Dhana

Matini rasmi za Mkataba ziko katika lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Sheria za nchi zinazohusika, kama vile Sheria ya Misitu ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zilitungwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, mkutano mkuu wa kijiji, unaojadili kutenga msitu wa kijiji, huendeshwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo dhana humfikia mwanakijiji kwa tafsiri ya papo hapo ya afisa.

3.0 Utata wa Neno Hifadhi

Katika Kiswahili, hifadhi ni kitendo cha kutunza. Vilevile ni eneo lililotengwa kisheria, kama katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambamo makazi, kilimo na ulishaji wa mifugo vimepigwa marufuku. Umbo uhifadhi lingeweza kutenga kitendo na mahali, lakini kitenzi ni kimoja. Afisa asemapo "tuhifadhi msitu huu", akikusudia matumizi endelevu, msikilizaji aweza kuelewa kwamba atahamishwa. Akikataa, amekataa jambo ambalo hakuombwa. Akikubali, vivyo hivyo. Ibara ya 8(j) inataka maarifa ya jamii yatumiwe kwa idhini na ushiriki wa wenyewe. Idhini juu ya jambo lisiloeleweka si idhini.

4.0 Mfano wa Ngitili

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, nao ulibeba neno hilo katika jina lake. Lakini wafugaji wa Kisukuma waliombwa kufufua ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi. Istilahi ilikuja pamoja na kanuni zake: nani afunge, lini, na kwa manufaa ya nani. Bila shaka haki ya kumiliki ardhi ilichangia mafanikio. Lakini haki hiyo nayo ilikwisha kuwamo katika maana ya neno.

5.0 Hitimisho

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini. Aidha, Mpango wa Kunming-Montreal wa Desemba 2022 unalenga kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030. Vijiji vingi zaidi vitaombwa ridhaa. Inapendekezwa, basi, kwamba istilahi zijaribiwe mikutanoni kabla ya kuandikwa sheriani, ili mwanakijiji ajue ni hifadhi ipi anayoinulia mkono.