Kubanwa kifua: si kila mara TB

Katika ziara zetu za nyumba kwa nyumba hapa Nyarugusu tunakutana na akina mama wazee wanaokohoa mwaka mzima na kuhema sana wakitoka kuteka maji. Majirani wanawatengea kikombe chao, wakidhani ni kifua kikuu. Ni kweli, kikohozi kinachozidi wiki 2 lazima makohozi yapimwe kwanza. Lakini kuna wanaopimwa na TB haionekani, na kifua bado kinabana. Huenda huo ni ugonjwa sugu wa mapafu, nao hauambukizi. Unatokana na tumbaku na pia moshi wa kuni. Mama aliyepika sombe kwenye mafiga miaka 40 anaweza kuupata bila kugusa sigara.

Hauponi kabisa, ila unatulizwa. Pampu ya salbutamoli hufungua njia za hewa. Wengine wanaogopa kuizoea, wanaifunga kwenye kitenge mpaka wazidiwe. Jamani, pampu si pombe! Itumie kama ulivyoandikiwa kliniki.

Ukipuliza moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inabaki kooni. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, toboa kitako chake tundu linalobana mdomo wa pampu. Tikisa pampu, ichomeke, toa pumzi, kisha funga midomo kwenye shingo ya chupa. Puliza mara 1, vuta na kutoa pumzi taratibu mara 5 humo humo. Kama umeandikiwa mara 2, tikisa tena urudie. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa itanata ukutani mwake.

Makohozi yakiongezeka au kugeuka njano au kijani, na pumzi ikawa fupi kuliko siku zote, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mganga ataamua kama unahitaji prednisoloni ya siku chache au antibiotiki. Usimeze amoksilini aliyobakiza jirani. Kila shambulio linaweza kuyaacha mapafu dhaifu zaidi. Asiyeweza kumaliza sentensi, anayesinzia ovyo au midomo imegeuka bluu, apelekwe hata usiku, msingoje kuche.

Nyumbani, anikeni kuni zikauke, loweka maharage tangu jioni, pikeni nje mvua isiponyesha. Najua mama mzee hapendi kuachia sufuria yake, lakini kwa huyu binti au mkwe ndiye achochee moto.