Leseni Ukutani Haitoshi

Nchini Kenya, mwenye kliniki akishapata leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno huitundika ukutani na kuona amemalizana na serikali hadi mwaka ujao. Bado. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamdai usajili mwingine, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na hapa ndipo kliniki ndogo hunaswa.

Hunaswa kwa sababu husoma nusu. Kanuni za usajili za 2021 zinasamehe biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Daktari mwenye chumba kimoja na muuguzi mmoja akifika hapo hufunga kitabu akiwa ameridhika. Angeendelea, angekuta jedwali la shughuli ambazo hazisamehewi hata ziwe ndogo vipi. Kutibu wagonjwa kumo, tena jedwali moja na kamari! Cheti chenyewe hudumu miezi 24, kisha huhuishwa.

Cheti ndicho chepesi. Kazi iko kwenye mazoea ya kila siku, kwani hali ya afya ya mtu ni taarifa nyeti kisheria, nayo Sheria ya Afya ya 2017 inakataza kuitoa isipokuwa mgonjwa mwenyewe ameridhia, mahakama imeamuru, sheria inadai, au kunyamaza kutahatarisha afya ya umma. Wengi hudhani haya ni mambo ya kompyuta. Mafaili ya karatasi yaliyopangwa kabatini nayo yamo. Daftari la mapokezi ambamo kila anayeingia anasoma jina na ugonjwa wa aliyemtangulia ni hatari, na mimi naliogopa kuliko wadukuzi. Vivyo hivyo picha ya eksirei iliyorushwa katika kundi la WhatsApp la madaktari, jina la mgonjwa likisomeka pembeni. Nia ni kuomba ushauri, na ni nia njema; jina linatafuta nini pale?

Simu yenye picha hizo ikiibwa, nayo haina hata nywila, saa zinaanza kuhesabiwa. Panapokuwa na hatari halisi ya mgonjwa kudhurika, Kamishna lazima aarifiwe ndani ya saa 72 tangu kliniki ijue, na mgonjwa naye aambiwe kwa maandishi ndani ya muda unaofaa. Faini ya kukiuka sheria inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kliniki ya mtaani asilimia hiyo si pesa nyingi. Wagonjwa watakaohamia kliniki ya jirani ndio hasara kubwa zaidi.

Nawe unayetibiwa, ukitaka kuona taarifa zako, omba. Kanuni zinaipa kliniki siku 7 za kukujibu, bila malipo.