Mashini Machimboni: Ugali wa Nyumbani Utatoka Wapi?

Dalili ya mvua ni mawingu. Wazee wetu walisema hivyo ili mtu aanue unga wake mapema, asingoje mpaka umelowa. Siku hizi mawingu yametanda juu ya machimbo ya Geita na Shinyanga, nasi yafaa tuyatazame pamoja, baba, mama na vijana.

KAZI YA MIKONO

Tuanze na wachimbaji wadogo. Katika machimbo yao vijana hushuka ndani ya duara kwa kamba, wakiwa na nyundo na moko, na mawe hupandishwa juu katika viroba. Zamani mawe hayo yalipondwa na kutwangwa kwa mikono, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Ni kazi nzito, tena vumbi lake laumiza mapafu. Lakini mama mjane asiye na shamba aliweza kutwanga mchana na kununua unga jioni. Hakuulizwa cheti wala mtaji.

Kisha likaja karasha. Mashini hii husaga kwa saa chache mawe ambayo watu wengi wangeyatwanga kwa siku kadhaa. Hatuwezi kuilaumu kwa hilo. Mwenye mawe hupata unga laini na dhahabu zaidi. Fundi wa kuchomelea, fundi wa mota na mwenye gari la kubebea mawe, wote hao wamepata riziki mpya. Lakini yule mama wa nyundo hakuitwa awe fundi. Aliambiwa tu kwamba leo hakuna kazi.

Tena liko jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Mchanga unaobaki baada ya kuosha, yaani marudio, mara nyingi huwa mali ya mwenye karasha. Ndani yake bado mna dhahabu, nayo hutolewa kwa dawa ya sianidi. Basi mwenye mashini hula mara mbili, na mwenye jasho hula mara moja.

MIGODI MIKUBWA

Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza kutoa dhahabu hapo. Geita nayo ilipata mgodi wake mkubwa mwaka 2000. Migodi ya namna hii hutumia mashini za kutoboa miamba, magari makubwa na vinu vya kusagia. Hutoa dhahabu nyingi kwa watu wachache.

Hao wachache nao wasijidanganye. Huko Kibali, kaskazini-mashariki ya Kongo, mtu mmoja aliyeketi chumbani juu ya ardhi huongoza mashini kadhaa zinazozoa mawe mamia ya mita chini. Wenye hisa wakubwa wa Kibali ni Barrick na AngloGold Ashanti. Hao ndio waendeshao Bulyanhulu na Geita! Na kampuni ya Resolute, iliyochimba mgodi wa Golden Pride kule Nzega, ikaenda kuweka mashini za kujiendesha katika mgodi wake wa Syama, nchini Mali. Basi mambo haya si hadithi za ng'ambo ya bahari. Yako kwa jirani.

Wala si mabaya matupu. Mtu asiyeshuka shimoni hafukiwi na mwamba, na mkewe halali macho usiku kucha akimngoja. Ila mshahara wa dereva aliyeachishwa haulipwi kwa mashini iliyomrithi.

Tukumbuke pia kwamba mgodi wenyewe una mwisho. Buzwagi, karibu na Kahama, ilifunguliwa mwaka 2009 na uchimbaji ukafungwa mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa hajaingia sekondari, na tayari kazi za mgodi zimekwisha.

NANI MWENYE MASHINI?

Watu huuliza, "Je, mashini ni njema au ni mbaya?" Swali hilo halitufikishi mbali. Tuulize hivi: mashini ni ya nani, na nani ajua kuitengeneza? Hapo twaona mambo matatu ya kufanya.

Kwanza, wazazi. Kijana anayeacha shule ili akabebe viroba anauza nguvu ambazo mashini itaziuza kwa bei ndogo zaidi. Apelekwe chuo cha ufundi, ajifunze umeme, mota, kuchomelea na kompyuta. Mgodi ukifungwa, fundi wa mota atatengeneza pampu ya maji, mashini ya mahindi na kinu cha pamba. Na binti apelekwe pia, maana mama yake ndiye aliyepoteza kazi kwanza.

Pili, kina mama na vijana wenyewe. Sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Kikundi chenye umoja na hesabu safi chaweza kuomba mkopo na kununua karasha lake. Hapo marudio yatakuwa yao.

Tatu, viongozi wa vijiji na madiwani. Migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mauzo. Tena sheria ya madini, iliyorekebishwa mwaka 2017, huutaka mgodi upange kila mwaka, pamoja na halmashauri, msaada wake kwa wananchi. Majengo ni mazuri. Lakini katika mkutano wa kijiji mtu asimame aulize: mwaka huu fedha hizi zimesomesha mafundi wangapi wa hapa kwetu? Asipojibiwa, aulize tena mkutano ujao.

Dhahabu ikishatoka ardhini hairudi. Tusikubali itoke yote huku watoto wetu wakibaki na nyundo mkononi, wakingoja kuitwa kwa kazi ambayo haipo tena.