Blogu ni Nini, na Ina Faida Gani kwa Anayeanza?



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Baadhi ya walimu wa madrasa na vijana wa misikiti ya Kibaha na Kisarawe wanatuuliza kuhusu blogu: ni kitu gani, ina faida gani, na asiyejua chochote aanzie wapi? Tunajibu kwa ufupi, kwa kadiri Allah alivyotuwezesha.

Blogu ni nini?

Blogu ni daftari lililowekwa kwenye intaneti. Mwenye blogu huandika makala na kuipa kichwa, na programu huiwekea tarehe yenyewe. Makala mpya hukaa juu, za zamani hubaki chini yake, na kila moja ina anuani yake. Mwenye anuani hiyo ataifungua leo, na ataifungua hata baada ya miaka madhali blogu ingalipo.

Hapo ndipo inapotofautiana na kundi la WhatsApp. Ujumbe wa kundi husomwa asubuhi, na ikifika jioni umeshafunikwa na salamu, picha na matangazo ya misiba. Aliyeingia kwenye kundi leo hauoni ule wa mwezi uliopita. Kundi linafaa kupasha habari. Kuhifadhi ni kazi ya daftari.

Kwa Kiswahili jambo hili lina umri sasa. Ndesanjo Macha ni miongoni mwa waliotangulia kuandika blogu kwa lugha yetu, na mwaka 2005 mpigapicha Issa Michuzi alianzisha blogu yake, ikawa maarufu kwa Watanzania wa ndani na wa nje.

Kuandikia watu si jambo geni kwetu

Kabla ya intaneti, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza mwaka 1930 kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Aliandika mambo mafupi yaliyowagusa watu wake: elimu, kazi, na mwenendo wa jamii. Baadaye makala za Sahifa zikakusanywa katika kitabu cha Uwongozi, ambacho kinasomwa hadi leo. Darsa alizozitoa kwa mdomo na hazikuandikwa, nani anaweza kuzisimulia sasa?

Tutazame na karibu zaidi. Historia ya Shirika la Elimu Kibaha inajulikana: lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki. Inajulikana kwa kuwa iliandikwa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Allah amrehemu, alizaliwa Kivure, katika eneo ambalo zamani lilikuwa chini ya Kisarawe na leo ni Mkuranga, akakulia Unguja. Maisha yake tunayasoma kwa sababu aliyaandika mwenyewe katika kitabu kilichozinduliwa mwaka 2021. Lakini muulize kijana wa Maneromango au Mlandizi: madrasa uliyosomea aliianzisha nani, naye alisoma kwa nani? Wengi watakuelekeza kwa mzee mmoja. Mzee huyo akifariki, jawabu limezikwa naye.

Faida zake

1. Elimu inabaki. Darsa ya Ijumaa iliyosikilizwa na watu thelathini yaweza kusomwa na aliye Muscat au Mwanza, na mwanafunzi akairejea. Nanyi mnaijua hadithi ya Mtume (swalla Allaahu alayhi wasallam) kwamba elimu yenye kunufaisha ni katika matatu yasiyokatika mtu anapofariki.

2. Amana inaonekana. Misikiti mingi hujengwa kwa michango, na fitna nyingi huanzia hapo: zimekusanywa ngapi, zimenunua nini? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inaamrisha madeni yaandikwe. Basi kamati ikiandika kila mwezi kilichopatikana, mifuko ya saruji iliyonunuliwa na kilichobaki, itakuwa imewaondolea waumini shaka, na imejilinda yenyewe.

3. Habari za mahali petu zinasemwa na wenyewe. Hali ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, bei ya korosho, tatizo la maji: anayekaa hapo anayajua vizuri kuliko anayepita kwa gari.

4. Mwandishi naye anajifunza. Mtu hudhani analijua jambo mpaka ashike kalamu alieleze.

Namna ya kuanza

Kwanza, chagua jambo moja unalolijua. Blogu ya kila kitu huchosha haraka. Historia ya madrasa za kata yako, au fiqhi ya swala kwa wanaoanza, yatosha kabisa.

Pili, fungua anuani ya barua pepe, kisha ujisajili kwenye Blogger au WordPress. Zote mbili zina huduma ya bure, na simu inatosha kuanzia.

Tatu, andika makala fupi yenye jambo moja, na kichwa kinachosema kilichomo. "Hukumu ya kuchelewesha Zaka" ni bora kuliko "Nasaha muhimu". Picha ziwe chache na ndogo, kwani msomaji anatumia bando lake.

Nne, weka siku maalumu. Makala moja kila Ijumaa ni bora kuliko kumi kwa wiki moja kisha kimya cha mwaka. Amali anazozipenda zaidi Allah ni zile za kudumu, hata zikiwa kidogo.

Tano, hifadhi nakala nje ya intaneti. Mwaka 2009 huduma ya GeoCities, iliyobeba kurasa za watu wengi mno duniani, ilifungwa. Na kama blogu ni ya taasisi, neno la siri lijulikane na watu wawili waaminifu, ili lisiondoke na mmoja wao.

Mipaka ya kuchunga

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi. Usiandike hadithi bila kutaja kitabu ilimotoka. Usitoe fatwa kwa rai yako. Nukuu jawabu la mwanachuoni na umtaje.

Siri za watu ni amana. Mtu akikuuliza kuhusu ndoa yake, kumficha jina hakutoshi. Katika kijiji kidogo, ukiandika "muuza samaki mwenye wake wawili", wote wameshamjua. Na picha za watoto wa madrasa zisiwekwe bila idhini ya wazazi wao. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Pia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayoadhibu anayechapisha uongo kwa makusudi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Kwa hiyo, kabla hujachapisha makala ya kwanza, waulize TCRA blogu ya aina yako inahitaji nini na ada yake ni kiasi gani. Mwenye kuingia nyumba kwa mlango wake hana cha kuhofia.

Ndugu msomaji, kama huna la kuanzia, anza na hili: baada ya swala ya Alasiri kaa na mzee mmoja wa mtaa wako, muombe ruhusa, umuulize alisoma wapi na kwa nani, na uandike kama alivyosema. Umsomee ulichoandika kabla hakijatoka. Hiyo ni makala ya kwanza, na huenda isipatikane tena kwa mtu mwingine.

Tunamuomba Allah azijaalie kalamu zetu ziwe hoja kwa ajili yetu, zisiwe hoja dhidi yetu. Aamin.

Wallaahu a'lam.