Win, rafiki wa shujaa, achukua nafasi ya mbele

Kwa miaka zaidi ya ishirini, Win alikuwa mtu wa pembeni. Katika riwaya za Mmarekani Harlan Coben, zilizoanza mwaka wa 1995 na Deal Breaker, shujaa ni Myron Bolitar, mcheza basketi wa zamani aliyegeuka wakala wa wanamichezo. Win, rafiki yake tangu chuo kikuu, ni tajiri wa kuzaliwa, mpole wa maneno, hodari wa kuua. Dhamiri ikimzuia Myron, Win ndiye anaingia. Hivyo Myron anabaki msafi, na msomaji pia.

Mwaka wa 2021 Coben akampa kitabu chake, kinachoitwa Win. Huko New York, mtu anakutwa ameuawa katika nyumba ya ghorofa ya juu. Ndani kuna mchoro wa Vermeer ulioibwa kwa jamaa ya Win, pamoja na valisi yenye herufi za jina lake.

Ugumu uko hapa: mtu wa pembeni anapendwa kwa sababu hatumjui sana. Sasa Win anasimulia mwenyewe, na mwanzoni kabisa anamvizia mwanaume aliyempiga mwanamke bila kuadhibiwa na sheria. Zamani mambo hayo mara nyingi aliyafanya mbali na macho yetu. Coben hakumlainisha: Win anaona fedha na ngumi zake zinampa haki ya kuhukumu, wala haombi radhi. Nilijikuta nikimshangilia, kisha nikaona haya kidogo.

Asiyewahi kusoma vitabu vya Myron anaweza kuanza na hiki.