Je, Wajua? Polio haisubiri kivuko

Je, wajua kwamba mtoto mmoja aliyepooza Lilongwe, Malawi, aliwafanya hata watoto wa Mtwara, Tanzania, wapewe matone ya polio? Kirusi pori cha polio kilitangazwa huko Februari 2022, na Mei kikaonekana Tete, Msumbiji. Tanzania ilikuwa haijapata mgonjwa wa kirusi hicho tangu 1996. Lakini katika watu 200 wanaoambukizwa, hupooza takriban mmoja tu. Waliobaki hukisambaza bila kujua, na Wamakonde wana ndugu ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Kulinda upande mmoja kusingefaa kitu! Malawi, Msumbiji, Tanzania, Zambia na Zimbabwe zikapanga awamu za chanjo pamoja, nyumba kwa nyumba. Mei 2024 mlipuko ukatangazwa kwisha.