Silinda za Kuchovya: Gari la Marehemu Lililolala Kiganjo

Kutoka Kiganjo, mji mdogo ulio karibu na Nyeri, maarufu kwa chuo chake cha polisi na kiwanda cha maziwa, limetufikia swali la mama mjane. Marehemu mumewe ameacha gari la michezo la zamani, Porsche 911 la miaka ya 1970, lililofunikwa turubai nyuma ya nyumba kwa miaka mingi. Fundi wa mtaani amepima msukumo wa injini na kutoa hukumu yake: silinda zimekufa. Mnunuzi naye amejitokeza siku hiyo hiyo, yuko tayari kulichukua gari kwa bei ya vyuma chakavu. Mama anauliza: "Sheikh, niuze tumalize, au wanangu watakuja kunilaumu?" Warithi wake ni watoto watatu, na mmoja bado hajabaleghe.

Swali hili lina upande wa mirathi, nami nitaugusa. Lakini jawabu lake limefichika ndani ya chuma, na asiyejua thamani ya kitu hawezi kukigawa kwa haki. Basi na tuanze na chuma.

Mama zetu wa pwani wanajua vyema tofauti ya bangili ya dhahabu tupu na bangili ya kuchovya. Ya kuchovya ikipauka, hakuna anayeitupa baharini. Hupelekwa kwa sonara ikachovywa tena. Silinda za magari haya, khasa yale ya kuanzia 1973, aghalabu ni za namna hiyo. Mwili wake ni wa alumini, madini mepesi yanayopitisha joto upesi. Kwa injini inayopozwa kwa upepo badala ya maji, sifa hiyo ni neema kubwa. Aibu ya alumini ni ulaini: pistoni ikipanda na kushuka mara elfu kadhaa kwa dakika, ingeila kama panya alavyo mkate. Hapo kale walitia ndani yake ukuta wa chuma. Kisha kampuni ya Mahle ya Ujerumani ikabuni utando wa nikeli uliochanganywa na chembe za kabaidi ya silikoni, ukaitwa Nikasil. Unene wake ni kama sehemu saba za mia za milimita, yaani kadiri ya unywele. Kwa kuwa ukuta wa chuma uliondoka, nafasi ilipatikana: kipenyo cha silinda ya 911 kiliongezwa kutoka milimita 84 hadi 90 kwa ajili ya Carrera RS ya 1973, na injini ikatoka lita 2.4 hadi 2.7.

Magari ya ukoo huo si wageni kwetu. Katika mbio za Safari za 1974 Björn Waldegård alishika nafasi ya pili kwa Porsche, nyuma ya Mkenya mwenzetu Joginder Singh aliyeshinda kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo, naye wa Kenya, alimaliza wa pili kwa 911. Ushindi wa Safari ile ya asili haukuwafikia Porsche kamwe. Waldegård alipata faraja yake uzeeni, aliposhinda Safari ya magari ya kale mwaka 2011 kwa 911, mwanawe akiwa kando yake akimsomea njia. Ndiyo maana gari la namna hii, hata likiwa bovu, lina watu wanaolitafuta duniani, na mnunuzi mwenye haraka huenda anayajua hayo kuliko mjane.

Sasa turudi kwa fundi. Kiganjo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa, na kipimo cha msukumo kitasoma chini hata kwa injini nzima. Fundi akilinganisha namba zake na kitabu cha kiwanda pasi na kulifikiria hilo, atamzika aliye hai. Linalofaa kutazamwa ni tofauti baina ya silinda moja na nyingine. Isitoshe, gari likilala miaka mingi, ringi za pistoni hunata katika mifereji yake na msukumo hupotea, ilhali silinda yenyewe haina dosari. Yakini hupatikana kwa kuifungua injini na kupima kipenyo cha kila silinda, juu, kati na chini, kwa pande mbili, ili ijulikane kama imekuwa yai.

Tuseme imefunguliwa na imeonekana kweli utando umekwaruzika au umebanduka. Adui mkubwa hapa ni vumbi linalopenya chujio bovu la hewa. Yako pia magari ya miaka ya 1990, Jaguar na BMW, ambayo utando wake uliliwa na petroli yenye salfa nyingi. Kwa vyovyote vile, fundi asijaribu kuisugua silinda kwa jiwe la kawaida. Mawe mengi ya kunolea yametengenezwa kwa kabaidi ile ile iliyomo katika utando. Ni sawa na kukata kisu kwa kisu.

Kazi ya kuchovya upya hufanywa na karakana maalumu, nyingi zikiwa Ulaya na Marekani. Utando wa zamani huondolewa kwa dawa. Palipochimbika hujazwa kwa kulehemu na kuchongwa. Kisha silinda huingizwa katika maji ya nikeli ambamo chembe za kabaidi zimetibuliwa, na umeme hupitishwa mpaka nikeli na chembe zishikamane ukutani pamoja. Utando huo mpya husuguliwa kwa mawe ya almasi, yakiacha mikwaruzo myembamba inayopishana. Humo ndimo oili hujificha ili pistoni iteleze. Kwa kuwa kila silinda ya 911 husimama peke yake, zote sita huingia katika sanduku moja la mbao. Pistoni zake ni lazima ziandamane nazo, maana kipenyo cha mwisho hufuata pistoni. Ziandikwe namba, ya kwanza hadi ya sita. Na kabla ya kuzituma, ijulikane ni za aina gani, kwani baadhi ya 911 zilitoka na silinda za alumini yenye silikoni isiyochovywa kabisa, na hizo zina matengenezo yake mbali.

Lipo jambo moja la kumtuliza mama. Namba ya injini, ambayo wanunuzi wa magari ya kale huitazama kwanza, imegongwa kwenye kasha kubwa la injini, wala si kwenye silinda. Kuzichovya silinda hakuibadili asili ya gari.

Ama mirathi, gari hili ni la warithi wote baada ya kulipwa madeni ya marehemu. Mama asiuze peke yake, wala asitumie fungu la yatima kwa matengenezo ambayo faida yake ni ya kubahatisha. Rai yangu ni hii: gharama ya kufungua na kupima ni ndogo, nayo ilipwe kwa maridhiano. Vipimo viandikwe karatasini na kutiwa sahihi na fundi. Kisha zitafutwe bei mbili kutoka kwa watu wanaoyajua magari haya: bei ya gari lilivyo sasa, na bei ya gari likiwa na silinda zilizochovywa. Ikiwa tofauti yake haizidi gharama ya kuchovya, kusafirisha na ushuru, liuzwe lilivyo, lakini kwa bei ya gari na si ya chakavu. Ikizidi sana, warithi waliobaleghe wanaweza kutoa gharama kutoka mifukoni mwao na kurudishiwa wakati wa mauzo. Wakati huo wote silinda za zamani zisitoke nje ya nyumba, hata fundi akisema ni takataka na kwamba atazitupa mwenyewe.